Mhubiri Aliyebebwa Mgongoni

Sikumpenda yule mhubiri tangu alipofika Kizingitini mkesha wa Krismasi. Maji yalikuwa yamekupwa, na maji yakiwa hivyo mashua haifiki ufukweni. Kila mtu hukunja nguo akashuka topeni. Yeye alikaa palepale mpaka mchukuzi mmoja akaja kumbeba mgongoni, viatu vyake vyeusi vikining'inia vikavu. Sisi Wakristo wa hapa, walimu na polisi wachache wa kutoka bara, tulisimama tukimpigia makofi. Mimi nilipiga shingo upande.

Alfajiri ya Krismasi mume wa mama mwenye nyumba wangu akafariki. Mama huyu ni Mwislamu, na tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi. Mimba yangu ilipoharibika, wenzangu wa kanisani walinitumia pole kwa simu. Yeye ndiye aliyeniosha damu kwa mikono yake, akaninywesha uji, akalala chini kando ya kitanda changu. Kwa hiyo nilimwambia mhubiri kabla ya ibada kwamba nitaimbisha nyimbo za kwanza, kisha nitakwenda msibani.

Jibu lake aliliweka mpaka aliposimama mbele ya darasa la shule tunamosalia. Akahubiri, na kwa ufasaha kweli, jinsi Mungu alivyouvaa mwili wetu, akaona njaa, akachoka, akalia kwenye kaburi la rafiki yake. Kisha akanitazama. Akasema yeyote atakayekwenda kukaa matangani kwa wasio wa imani yetu asirudi kuimbisha hapa.

Damu ilinichemka. Ndiyo maana ya Mungu kuwa mtu hiyo? Ashuke kutoka mbinguni kote huko, halafu sisi tuogope kuvuka kichochoro? Kuimba ndiko kulikonishikilia kisiwani humu, na yeye alilijua hilo, maana wenzangu walimwambia jana yake. Nilikiweka kitabu cha nyimbo mezani nikatoka, yeye angali anasema.

Uani kwa mfiwa wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Mmoja akauliza, bila hata kupunguza sauti, huyu wa kanisani leo kafuata nini. Mfiwa akainua uso.

"Muwateni apite," akasema. "Huyu ni wangu."

Nikakaa ubavuni pake, goti langu likigusa lake.

Baada ya sala ya adhuhuri wanaume waliondoka na jeneza, mji mzima, hata wachukuzi wa ufukweni. Nilitoka kuchota maji kisimani nikamwona mhubiri amesimama ufukweni na begi lake. Maji yalikuwa yamekupwa tena, na mashua yake ilimngoja kule mbali kwenye kina. Aliniita kwa upole ambao asubuhi hakuwa nao, akaniomba nimtafutie mtu wa kumbeba.

"Mabega yote yako chini ya jeneza, mtumishi," nikamwambia. "Vua viatu."