Pikipiki ya Kijiji Ilivyobaki Mikumi

Niliondoka Malolo kwa sababu ya surua. Ilikuwa imeshaingia vijiji vya jirani, na zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, ambayo mganga wake ni mimi, haikuwa na chanjo hata kichupa kimoja. Dawa ilikuwa hospitali ya Kilosa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mrisho, akanikabidhi pikipiki ya kijiji, tuliyoinunua kwa vitunguu vya shamba la pamoja. Akaniangalia ninavyoipanda kama baba mkwe anayekabidhi binti.

Ilikuwa inang'aa. Tulikuwa tunamsubiri mgeni kutoka mkoani, na kwetu mgeni mkubwa akitarajiwa kila kitu hupakwa rangi: mawe ya njiani, vigogo vya miti, mlingoti wa bendera. Rangi iliyobaki mwenyekiti aliimalizia kwenye bati la namba. Alilipaka lote, kisha akaziandika upya tarakimu kwa mkono wake, nzuri kuliko za mwanzo. Kijiji kizima tulimsifu.

Mikumi, kwenye kizuizi cha polisi, nilipita bila kusimamishwa. Nikala mihogo ya kukaanga pale yanapoegeshwa malori, nikashika njia ya Kilosa. Katikati ya pori injini ikazima. Barabarani palikuwa na kinyesi cha tembo, tena kibichi, na mimi tembo namwogopa, sioni haya kusema. Nilisukuma lile dude huku nageuka nyuma kila mara, hadi lori la mkonge liliponihurumia likatubeba sote wawili.

Jioni nilifika Magomeni, pale Kilosa mjini, kwa dada yangu Zuhura. Mumewe, Sefu, ni fundi wa pikipiki, na kwa utani hana mpinzani.

"Karibu shemeji. Umeiendesha, au umeisindikiza?"

Akainama, akashika kikoki kilicho chini ya tangi. "Unaona kimshale hiki? Kikitazama chini unatumia petroli ya kawaida. Ukikigeuzia huku, unafungua ya akiba. Petroli ulikuwa nayo, shemeji. Uliisukuma!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Na hii taa ya kijani?" nikauliza. "Mimi nilijua inasema mambo yote shwari."

"Inasema gia imetoka, basi. Hata injini ikiwa inaungua, yenyewe itawaka tu."

Alipozunguka nyuma, utani ukamwisha. Akapapasa kona ya bati la namba. Akanieleza kwamba pale hugongwa alama ndogo, muhuri wa waliotengeneza namba, ili askari ajue si bati la kuchonga uchochoroni. Rangi ya mwenyekiti ilikuwa imeifunika yote.

"Tuifute basi."

"Thubutu! Ukiifuta hapa watasema umechezea namba. Ifutwe mbele ya askari, na kadi ya pikipiki iwepo."

Kadi ilikuwa Malolo, imefungiwa sandukuni kwa mwenyekiti.

Kesho yake hospitalini nilipewa chanjo ndani ya chupa kubwa ya chai iliyojaa barafu. Nesi aliniusia kwamba barafu ikiisha, dawa imekufa, na nyingine hatujui italetwa lini. Nikaifunga chupa kifuani kwa kanga ya dada.

Mikumi, saa za adhuhuri, safari hii kizuizi kilikuwa na koplo. Akafuta vumbi kwenye namba, akaichunguza, akaniomba kadi. Nikamweleza habari ya mgeni na rangi. Alitabasamu, lakini hakunipisha.

"Ndugu mganga, nakuamini. Ila pikipiki za wizi hupita hapa zimepakwa hivihivi. Iache, ufuate kadi."

"Afande, nina chanjo ya watoto. Barafu inayeyuka."

"Wewe sijakuzuia. Nimezuia pikipiki."

Nilikasirika, tena sana, lakini moyoni nilijua hana kosa. Nikafikiria uso wa Mzee Mrisho. Kisha nikatikisa chupa, nikasikia maji mengi kuliko barafu. Nikampa koplo ufunguo. Yeye mwenyewe akanisimamishia lori la Iringa, na nilipofika njia panda ya kwetu nilishuka nikatembea kwa miguu, jua likinichapa, chupa nimeikumbatia.

Pikipiki tuliifuata baadaye, mimi na mwenyekiti, na kadi. Koplo aliloweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta polepole, muhuri ukatokeza. Tangu hapo kitu nisichokielewa nauliza kwanza kabla ya kukisifu, hata kama kimepakwa na mkubwa. Na alama ndogo siidharau tena.

Lakini nirudi jioni ile. Akina mama walikuwa wamejaa barazani pa zahanati na watoto wao. Mwenyekiti alinifuata mbio.

"Pikipiki iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Imebaki Mikumi, kwa askari."

"Imebaki! Pikipiki ya kijiji?"

Bi Tatu, mkunga wetu, akamkata kauli. "Mwenyekiti, hayo muulize kesho. Barafu haina subira."

Nikafungua chupa mbele ya wote. Ndani kilikuwa kimesalia kipande cha barafu kama punje ya karanga, kinaelea. Mzee Mrisho alikitazama. Akaenda nyumbani, akarudi amembeba mjukuu wake, akasimama naye mwisho wa mstari.