Maji ya Rejeta ya Baba

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Bariadi, baba amekaa kiti cha mbele. Gari ni la zamani, limetembea mpaka limechoka, na mwezi mzima lilikuwa linapunguza maji ya rejeta bila kudondosha hata tone. Fundi akaniuliza kama huwa nayaangalia asubuhi. Kabla sijafungua mdomo, baba akacheka: "Huyo? Tangu mtoto ni mvivu wa kujaza maji. Muulize nilivyokuwa namchapa!" Fundi akacheka, na wateja waliokaa kwenye benchi nao wakacheka. Mimi mwanamke mzima, nina wajukuu, nikasikia masikio yanawaka moto.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana hasira hii nimeimeza miaka mingi na sasa imenikaa kooni.

Kwetu ni upande wa Zagayu. Msimu wa pamba nyumba nzima ilijaa pamba mpaka chumba cha kulala, tukalala juu yake inatuwasha shingo. Alfajiri unasikia kengele za ng'ombe zizini, na bibi anatikisa kibuyu cha maziwa, huku mama anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tule na karanga. Ningependa nikumbuke hayo tu. Lakini kila nikianza, pikapu ya baba inaingia uani na moshi wake na kuniharibia.

Baba aliuza ng'ombe akanunua pikapu iliyokwisha kuzeekea kwa watu wengine. Kazi ya maji nikapewa mimi. Kila asubuhi, kabla ya shule, nilichota maji kwenye lambo, lile bwawa walikokunywa ng'ombe, nikayachuja kwa kitambaa, nikapanda juu ya kinu na kujaza rejeta mpaka mdomoni. Nilijaza. Nakuapia, nilijaza!

Sasa baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akipotea, yeye anainama, anasoma nyayo, anakwambia ameelekea wapi na amepita saa ngapi. Na kweli anampata. Basi pikapu ilipoanza kuchemsha njiani, kila akienda Lalago, alifanya vilevile. Alirudi, akainama chini yake, akapapasa vumbi kwa kiganja. Pakavu. Akapapasa na siku ya pili, pakavu. Kwake yeye kitu hakiwezi kuondoka bila kuacha alama ardhini, kwa hiyo maji hayakuondoka, hayakuwahi kuwekwa. Akakata fimbo.

Nilimwita bibi aje ashuhudie. Akaja na mkongojo wake, akachungulia, akamwambia mwanawe, "Nimeyaona kwa macho haya, yamejaa." Baba akamjibu kwamba anamtetea mjukuu. Bibi akasusa chakula siku hiyo. Mimi nikachapwa tena, na jina la muongo likanishika. Baba akalipeleka mpaka shuleni, akamwambia mwalimu asiniamini hovyo. Tangu hapo darasani kikipotea kitu chochote, macho yote kwangu. Hivi unajua inavyouma, kusema kweli na watu wazima wanakutazama wanatabasamu?

Nikaanza kulichunguza lile gari mwenyewe. Nikaona linatoa moshi mweupe mzito hata jua likiwa limeshakuwa kali. Siku moja nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, kama nilivyomwona baba akifanya, nikakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Nikamfuata baba anakula. "Baba, gari linayanywa maji lenyewe, yanaingia kwenye oili." Akaweka tonge chini. "Mtoto wa kike anifundishe gari?" Kofi lile nalisikia mpaka leo.

Halikupita hata juma, pikapu ikafa njiani imejaa pamba. Ilivutwa na maksai mpaka kwa fundi, watu wanatoka madukani kutazama, na mimi nimekalishwa juu ya mzigo nichunge usianguke. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akamwonyesha baba. "Mzee, gasketi ya silinda hedi imeungua siku nyingi. Maji yanaingia ndani ya injini, huwezi kuyaona chini. Hata ungejaza lambo zima, yangeisha."

Nilikuwa nimeshuka, nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikamtazama baba usoni, nikasubiri. Akauliza itachukua siku ngapi.

Tukiwa tunarudi akaninunulia soda. Nikainywa yote, mjinga mimi, na hilo nalo linaniudhi. Nyumbani akawaambia mama na bibi kwamba gari lilikuwa na ubovu wa ndani, basi, akaomba maji ya kunawa. Fimbo hakuitaja. Nikabaki muongo yuleyule.

Kwa hiyo unaelewa nilivyofura pale wiki iliyopita. Fundi wetu wa sasa alipampu upepo kwenye rejeta, akaangalia kila mpira wa maji, mwisho akafunua kapeti miguuni pa baba: imelowa chapachapa. Bomba la hita, lile linalopitisha maji ya moto kupasha gari joto, lilikuwa linavujia ndani. Baba alitazama viatu vyake, hakucheka tena.

Tulipotoka nje ya mji nikaegesha pembeni. "Baba, yule fundi wa pikapu alikwambia gasketi imeungua. Nilikuwepo. Unakumbuka au umesahau?"

"Nakumbuka, mayu," akasema, yaani mama, vile anavyoniita akitaka nipoe.

"Mbona basi hukuwaambia?"

"Ningesemaje, na nilikuwa nimeshakuchapa?"

Nikawasha gari. Lile lambo limejaa udongo siku hizi, watu wanapanda mtama humo. Mama hayupo. Mwalimu alihamishwa, sijui hata kama yu hai. Bibi, aliyesusa chakula kwa ajili yangu, alizikwa akijulikana kuwa mtetezi wa muongo. Wote niliotaka wasikie neno hilo, kwamba anakumbuka, kutoka kinywani mwa baba wamekwisha. Amelisema sasa, tuko wawili tu ndani ya gari, na vioo vimefungwa.