Zimwi Lililofunguliwa Jioni

Wazo la chemchemi lilikuwa langu. Nimelikana miaka yote hii, hata mbele ya watu waliokuwepo kikaoni nilipolitoa. Nikiulizwa husema, "Kamati iliamua," kana kwamba kamati ina kichwa chake.

Mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa mkusanyaji wa ngano. Akitoka darasani alibeba redio ya kaseti akaenda Murera, Mugutha, hadi mashamba ya karibu na Thika, kuwarekodi akina cucu, bibi zetu wazee wa vijijini. Nao hawakukubali kusimulia mchana. Ngano ni ya jioni, ng'ombe wakishakamwa na chungu kiko motoni. Kwa hiyo alirudi nyumbani gizani, na mkewe akazoea kula peke yake.

Alipofariki, sisi wanafunzi wake wa zamani tulitaka kumwekea kumbukumbu katika soko dogo nje ya Ruiru. Mimi nilikuwa nimesomea fasihi chuo kikuu, basi kunyamaza sikuweza. Nikapendekeza zimwi la saruji, irimu lile la ngano lenye mdomo wa pili kisogoni, litapike maji kwenye kidimbwi, na chini yake liandikwe jina la mwalimu. Nikaongeza kwamba maji yafunguliwe jua likizama, kama ngano zenyewe. Nilipigiwa makofi. Bado nayakumbuka, kwa bahati mbaya.

Hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi. Yalitoka kwenye bomba lile lile lililolisha mfereji wa soko, na jioni ndipo wanawake wa soko hujaza mitungi ya kupeleka nyumbani. Zimwi likianza kutapika, mfereji ulikohoa kidogo, ukanyamaza.

Mwanzoni walicheka. Kisha wakaanza kuliita zimwi kwa lile jina lililo chini yake.

"Haiya, Mwalimu ameamka!"

"Mwalimu, tuachie hata ya ugali!"

"Wapi! Mwenye midomo miwili atashiba lini?"

Siku moja mama aliyekuwa akinikatia sukumawiki aliniuliza, "Madam, wewe umesoma. Huyu mtu alikuwa mbaya sana?"

Nikasema simjui. Mtu aliyenifundisha kusoma.

Kiangazi kilipozidi, mfereji ukiwa mkavu, watu walichota kwenye kidimbwi cha zimwi, humo humo mlimotupwa chupa na nepi. Mtoto wa muuza nyanya akaanza kuhara. Akalazwa Thika. Hakurudi.

Jioni ya siku ya mazishi, mjane wa mwalimu alinipigia simu. Hakusalimia.

"Nimetoka kuzika. Nilikaa nyuma, hawakunijua. Wanasema mzee wangu amekula mtoto."

"Pole, mama. Tutavuta bomba lingine. Kamati itakaa—"

"Wachana na kamati. Lilikuwa wazo la nani?"

Nilisikia sufuria ikigongwa upande wake, mtu akipakua chakula.

"Langu, mama."

"Nilijua. Ni wewe tu uliyependa hadithi kumshinda yeye. Mfunge hayo maji. Halafu wewe, kwa mikono yako, ukaling'oe jina lake pale. Zimwi mbaki nalo, ni lenu."

"Nitaenda kesho, mama. Jioni, soko likishafungwa."

"Hapana," akasema. "Uende mchana, watu wakuone."