Mkono wa Baba uliogoma kufunguka, na nilichokiona kwenye hadubini

Wakuu, heshima kwenu. Mtakaosema hii ni chai, mnywe tu. Mimi nasimulia ya mama yangu mzazi, siwezi kumtungia.

Niko nje ya nchi, nasoma, nafanya kazi kwenye lab.

Iko hivi. Ndani ya mwili kuna protini zinazotembea. Namaanisha kutembea kweli, hatua kwa hatua. Sisi tunakunja DNA mpaka iwe kijisanduku, tunakitia rangi inayong'aa, tunaitwisha protini moja mzigo huo, halafu tunaichungulia kwa hadubini ikipita juu ya uzi mwembamba, ambao ndio barabara yake.

Siku ya kwanza nilisisimka mwili. Chumba giza, kinukta kimoja kinaruka, kinatulia, kinaruka tena. Hakuna anayekisukuma.

Kilichonitisha zaidi ni pale chakula chake, kinaitwa ATP, kilipoisha. Nilidhani itadondoka. Wapi. Iling'ang'ania uzi, ikaganda hapo hapo.

Profesa akanieleza kuwa ndugu zake wamo kwenye misuli yetu, na maiti hukakamaa kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe hata kuachia kunahitaji nguvu.

Basi, Baba akafariki, nyumbani Nyakasimbi. Ndege ikanichelewesha, nikafika wameshazika.

Nikamkuta Mama hali chakula. Ananionyesha mahali kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya kaburi, kwamba na yeye alazwe pale. Vitenge vyake vizuri ameshawagawia wakwe zake.

Nikamvuta dada pembeni. Akasema Baba alikata roho alfajiri, Mama akakaa amemshika mkono mpaka ndugu walipofika kutoka Bugomora, jua limeshapanda. Walipotaka kumwosha, vidole vya marehemu vilikuwa vimekaza kwenye mkono wa Mama. Wakavikunjua kimoja kimoja.

Shangazi, dada yake Baba, akatamka mbele ya waombolezaji: "Amemshika. Huyu hamalizi mwaka."

Nilipata hasira jamani. Ila kugombana na shangazi msibani ni kujitafutia laana, nikameza.

Kesho yake asubuhi nikamkalisha Mama mbele ya laptop, nikamwekea video yangu. Mwanzo aliguna tu. Baadaye akasogeza kigoda. Nikamweleza taratibu mpaka pale kinukta kinapoganda.

Akakitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hakunishika?"

"Hapana, Mama. Alikosa nguvu ya kukuachia."

Akauliza kama hivyo vidude hujua mwenyewe akifa. Nikajibu havijui, huendelea na safari zao mpaka chakula kiishe, pengine saa kadhaa.

Hapo nilijuta. Mama aliugeuza mkono wake, akauangalia.

"Basi napiga yowe, ndani yake wao bado wanatembea na mizigo yao." Akaongeza: "Tulimlilia mapema, mwanangu."

Wakuu, mpaka leo kila nikiwasha hadubini nakumbuka neno hilo.

Ila mchana ule aliomba ndizi, akala. Kisha akamtuma dada kwa mkwewe mmoja, akamchukulie kitenge chake cha bluu alichokuwa amekigawa.

Nilichojifunza: neno la msibani linaweza kumzika mtu mzima akiwa anapumua. Ukiwa na unachokijua, kiseme, hata kama kitakuachia swali baya zaidi.

Aliyewahi kushikwa na marehemu hivyo aseme, kwenu walimwambia nini? Na wataalamu, nilipokosea nipigeni msasa.