Nyimbo Sitini na Moja za Bibi

Enzi zetu kompyuta ilivishwa kitambaa. Nasema kompyuta, moja, kwa sababu kijiji kizima cha Kimuli tuliijua moja tu, ile ya ofisini kwenye sekondari ya kanisa ambako mama yangu alikuwa karani mpiga taipu. Kitambaa alikifuma yeye mwenyewe kwa uzi mweupe na wa waridi, sawasawa na kile cha redio nyumbani, na kabla ya kukiondoa ilikuwa lazima unawe mikono na uache viatu mlangoni. Wengi wetu hatukuwa na viatu vya kuacha, tulipangusa nyayo kwenye majani makavu ya migomba. Leo mwanangu anakula chipsi huku anaandika, vitufe vinang'aa mafuta, na nikimkemea ananiuliza, "Kwani itakufa, Mama?" Mimi nimeshaona kompyuta ikifa, tena kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni na Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya. Sote tulikuwa watu wa Karagwe. Nakumbuka asubuhi za ukungu, umebeba kuni za shule mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, vumbi jekundu limekupanda hadi magotini kabla kengele haijagongwa. Mchana tulirudi na njaa ya kula sahani. Matoke na maharage yalitungoja yakiwa yamefunikwa kwa jani la mgomba, na harufu ya jani lile lililoiva kwa mvuke sijaipata tena kwenye hoteli yoyote, hata hizi wanazokupangia uma tatu kwa mlo mmoja. Msimu wa senene, panzi wetu wa kukaanga, ukifika hatukutulia darasani, na walimu nao hawakutulia. Nikishakula nilikimbia ofisini kwa Mama, maana jenereta la sekondari liliwashwa saa nane na kuzimwa saa kumi na moja, na mimi siku yangu ilianzia hapo.

Barua za mkuu wa shule zikiisha, Mama alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi yake. Alikuwa anaandika nyimbo za bibi yangu, mama yake mzazi. Bibi alikuwa na wimbo wa kila jambo: wa palizi, wa kuanika kahawa, wa kumbembeleza mtoto anayeota meno, na ule wa mugole, yaani bibi harusi, anapoaga jiko la mama yake. Zote kwa Runyambo, lugha yetu. Kusoma hakujua, na kanisani alishika kitabu cha nyimbo juu chini bila aibu yoyote kwa kuwa hakukihitaji. Kila Jumapili mchana Mama aliketi naye barazani na daftari, Bibi anaimba mstari, anasita, anatafuna kahawa kidogo, ile ya buni zilizochemshwa na kukaushwa, anaendelea. Mimi nilimenya ndizi na kujifanya sisikilizi. Jumatatu Mama alizihamishia kwenye kompyuta, kisha kurasa za daftari zikaenda kuwashia moto, kwani nyumbani kwetu karatasi iliyomaliza kazi iliishia jikoni.

Zilifika sitini na moja. Mama alikuwa anangoja utepe wa mashine ya kuchapia ili amtolee Bibi kitabu chake, hata kama angekishika juu chini. Utepe ulichelewa. Bibi akaugua kifua, na mvua za vuli zilipoanza tukawa tumekwisha kumzika. Nyimbo zikabaki ndani ya mashine ile, na si mahali pengine popote.

Ndipo mashine nayo ikaugua. Virusi viliingia kwa disketi iliyotoka mjini. Herufi zikawa zinadondoka kama punje za mahindi, na barua ya mkuu wa shule ikaganda kabla hata ya salamu. Mjomba Deo, mdogo wake Mama, alikuwa anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, akaja kumaliza arobaini ya Bibi. Alileta diski ya sidii aliyoiviringisha ndani ya soksi. Alisema ndani yake mna mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, unaitwa Linux, na virusi vile havikujua njia ya kuuingia.

"Wa nani huo?" Mama akauliza. Alikuwa mwoga wa vitu vya watu.

"Wa kila mtu, dada. Mimi nimenakili kwa rafiki, na yeye alinakili kwa mwenzake. Ukiupenda, na wewe umpe mtu. Hakuna wa kuja kukukamata."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe ni mche wa mgomba!"

Kwetu mche wa mgomba ulikuwa hauuzwi. Uliupenda mgomba wa jirani, ukaenda na kahawa ya kutafuna kwenye jani, ukaomba, ukachimbiwa. Ukipata mkungu wa kwanza unampelekea kipande aliyekupa, basi, mmemalizana. Na kama siku moja wake ukianguka na kuoza, anakuja kwako kuchukua mche wa mgomba ule ule, wala hasemi asante sana, maana anachukua kilicho chake. Bibi alikuwa amegawa miche ya enshakala, ndizi zetu za kupika, mpaka vijiji vya Kibingo na Kamuli, na watu walimwamkia njiani kwa majina ya migomba.

Mjomba aliondoka na basi la alfajiri, akatuachia karatasi ya maelekezo. Mstari wa kwanza aliupigia mistari miwili chini: hamisha kwanza kazi zako zote kwenye disketi. Jumamosi ile jenereta lilipowashwa, Mama aliusoma, akatikisa kichwa.

"Deo amekaa mjini mpaka amesahau kulima. Nani anachukua mche kwenye shina lenye wadudu?"

Na kwa mkulima wa ndizi alikuwa sahihi kabisa. Shina likishaliwa na wadudu, kwenye kibanja chako, yaani shamba la migomba, hutoi mche wowote hapo kupeleka pengine, utaeneza ugonjwa. Unang'oa lote na mizizi yake, unaanika juani, unasafisha shimo, halafu ndipo unapanda mgeni. Maharage yaliyo katikati ya migomba hayaguswi. Mama aliamini mfumo wa zamani ndio shina bovu, na nyimbo za Bibi ndizo maharage. Zilikuwa pembeni, zingebaki pembeni.

Mimi nilikuwa darasa la sita, wa kwanza katika Kiingereza, na nilijiona mkalimani wa serikali. Mama aliijua taipu kuliko Kiingereza. Tukatia diski ya Mjomba, swali likatokea kwenye kioo, nikalisoma mara mbili kwa sauti, nikamwambia, "Inauliza kama isafishe diski yote ya ndani."

"Shimo halisafishwi nusu. Bonyeza."

Nikabonyeza. Mashine ikakereza tumboni kwa muda mrefu, na sisi tukakaa tunatafuna karanga kwa furaha, tukimsema Mjomba.

Saa kumi hivi mfumo mpya ulifunguka. Kioo cheusi, herufi nyeupe, na kijimraba kinachopepesa kikingoja uandike. Mama akafuata karatasi, akaandika amri ya kuorodhesha vilivyomo. Nyimbo hazikuwamo. Akaandika tena, taratibu, kwa kidole kimoja, yeye aliyekuwa anatumia vyote kumi bila kutazama. Nilimwona anaelewa. Aliweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka jenereta lilipozimwa, halafu akaifunika mashine kitambaa chake na kuzinyoosha pembe moja moja. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Nyumbani hakula. Nilimsikia anamwambia Baba, "Nimemzika mara ya pili." Niliingia kibanjani nikajificha nyuma ya migomba ya Bibi, nikaogopa, nikaona aibu, na nikamlilia Bibi kwelikweli, maana siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kubeba viti na sikupata nafasi.

Mtu aliyetuokoa aliitwa Mama Esperansi. Alikuwa amekuja kutoka Rwanda tangu msichana, yeye na mumewe, wakitafuta vibarua vya kupalilia kahawa. Bibi ndiye aliyempa miche yake ya kwanza alipopata kipande cha ardhi, na walilima pamoja miaka mingi. Jumatatu alikuja na kikapu kichwani, akakitua.

"Bwana asifiwe, Mama Koku. Nasikia mashine imemeza nyimbo za Mama yetu."

"Asifiwe. Haikumeza, nilizing'oa mwenyewe."

"Sasa unalia nini? Mgomba wako ukianguka, unafanyaje? Si unamwendea uliyempa mche?" Akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Mimi nilipewa. Kila palizi alinipa. Koku, lete kalamu."

Akaimba. Runyambo yake ilikuwa na lafudhi ya Kinyarwanda, na mahali fulani alipandisha sauti ambapo Bibi aliishusha, lakini Bibi alikuwamo. Mama aliandika machozi yanadondokea daftari, akawa ananisukuma kwa kiwiko nimpanguse kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Siku ile tulipata nyimbo kumi na tisa.

Tangu hapo kila Jumamosi tulitoka, Mama mbele na kahawa ya kutafuna kwenye jani, mimi nyuma na daftari, tukifuata migomba ya Bibi. Pale palipokuwa na mche wake tuliuliza wimbo. Huko Kibingo mama mmoja alitupa wimbo wa kuanika kahawa, tena wenye ubeti ambao Bibi hakuwa nao, wa kumsema mume mvivu. Kamuli tulimpata shangazi mwenye ule wa mugole, akauimba akiwa anakaanga mchicha, akaanza kulia yeye, tukafuata sisi, na mchicha ukaungua. Mpaka Pasaka zilirudi arobaini na nane. Kumi na tatu hazikurudi. Kila moja Mama aliipa ukurasa wake, akaandika juu wimbo ulihusu nini, akaacha nafasi tupu chini yake. Mara hii alizinakili na kwenye disketi mbili, na daftari akalifungia kabatini na vyeti vya ubatizo.

Kioo cheusi nacho akakizoea, tena akakipenda. Kipanya cha ule mfumo wa zamani alikuwa anakichukia, alikisukuma kama anayefukuza kuku. Huu mpya ulitaka mtu anayejua kuandika, na kuandika ndiyo ilikuwa kazi yake. Amri zote alizikusanya kwenye daftari la mraba, kila moja na maelezo yake: hii ya kunakili, hii ya kuhamisha, hii usiiguse. Hiyo ya tatu aliipigia mistari miwili. Pengwini aliye nembo ya Linux alimwita bata, akashangaa bata gani mwenye kitambi namna ile asiyejua mahindi. Mwaka uliofuata karani wa shule nyingine alifika kumwomba ile diski, na alikuja na kahawa kwenye jani bila kuambiwa na mtu. Mama akampa, akamketisha, akamsomesha mstari wa kwanza wa karatasi ya Mjomba mara tatu.

Mimi maisha yangu yote nimeyafanya kwenye kioo kile cheusi. Ndiyo kazi inayonilisha hapa mjini. Vijana ninaofanya nao kazi wanajua mambo ambayo mimi sitayajua, nawaheshimu, ingawa wanaomba nywila ya mtandao kabla ya shikamoo. Juzi simu ya mwanangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Alizililia picha zake, maelfu. Nikamuuliza, "Ulimpa nani?" Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Nimpe nani, Mama? Si ni zangu?" Nilimhurumia kuliko alivyodhani. Siku zile tulikuwa na mashine moja yenye kitambaa, hatukujua kitu, na tulipopoteza kila kilichokuwamo tulikuwa na vijiji vitatu vya kwenda kubisha hodi.

Krismasi iliyopita tulikwenda nyumbani Kimuli. Mama Esperansi alikwisha kufariki. Mama amestaafu, anatembea kwa fimbo, na sasa anasahau: chumvi ameitia au hajaitia, jana nani alikuja. Tulikuwa barazani, mimi namenya ndizi, mwanangu kando yangu anahangaika na mtandao. Mama alikuwa anatazama migomba.

"Koku," akasema, "ule wa mugole nilikupa wewe?"

"Ulinipa, Mama."

"Basi nirudishie. Wangu umenipotea."

Niliweka kisu chini nikaimba. Alinisikiliza amefumba macho, midomo yake ikinifuata nusu neno nyuma, na wimbo ulipoisha akanishika mkono uliojaa utomvu wa ndizi.

"Sasa tena," akasema. "Polepole, niushike."