Zamu ya Jumuiya kwa Fundi Cherehani

Nikisikia mtu anasema, "Mie namfuata Kristo," huwa nanyamaza kwanza. Siyo dharau. Niliyemwona anamfuata kwelikweli ni mama yangu, na siku nilipoliona hilo nilikuwa nalia.

Tulipanga Mwananyamala, miaka ile ya tisini ugonjwa ulipokuwa unaingia nyumba hadi nyumba. Chumba cha jirani aliishi dada mmoja wa kusini, fundi cherehani, muumini mwenzetu. Alipoanza kukonda, watu wakanong'ona, "Kakanyaga miwaya huyo," yaani ana UKIMWI. Wateja wakakata mguu. Mama akawa anamwogesha, anamlisha uji, anamfulia mashuka, na sikumsikia hata siku moja akijitangaza.

Jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwa zamu, kila Alhamisi jioni nyumba tofauti, na mwenyeji anatoa chai. Zamu ya fundi ilipofika wakamruka, kimyakimya. Waliogopa vikombe vyake. Akamwambia mama, "Dada, mie nakufa, najua. Naomba wasali kwangu mara moja tu, nisife kama mtu asiye na kanisa." Mama akaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, wakakubaliana Alhamisi inayofuata. Wote wakasema watakuja.

Maskini, alivyojiandaa! Alitaka avalishwe gauni lake la Pasaka. Mie nikapika chai ya tangawizi sufuria nzima, mama akakaanga maandazi, tukatandika mikeka mpaka barazani. Tukangoja. Wapi! Kila kandambili zikisikika nje, fundi anainua shingo. Jua likazama.

Mama mwenye nyumba, Mwislamu, Mzaramo wa hapohapo, akachungulia akaona mikeka mitupu. Akajifunga kanga yake vizuri, akaketi. "Sala zenu sizijui," akasema, "lakini haiwezekani mtu akaribishe wageni asipate hata mmoja." Mama akasalisha. Mwenye nyumba akawa anaitikia "Amin!" kwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Fundi alitabasamu, kisha akageukia ukutani akalia. Iliniuma, inaniuma hadi leo.

Asubuhi mwenyekiti akamwambia mama eti mvua iliwazuia. Mvua gani? Vumbi tupu!

Wiki haikuisha, fundi akafariki. Loo, msibani walivyojaa! Uani hapakuwa na pa kukanyaga, mapambio yanapokezana, wengine wanajigaragaza chini: "Dada yetu, umetuacha na nani?" Nilifura. Nikamwambia mama, "Hawa wanafiki nawafukuza sasa hivi."

"Thubutu!" akasema. "Huu ni msiba wake, siyo wako. Aliwaalika yeye."

Akaenda kusimama mlangoni pa kile chumba, macho mekundu, akawa anampokea kila anayefika. Ndipo nilipolia, kwa sababu nilijua mie nisingeweza. Nilijua pia kwamba yeye ameumia kuliko mie.

Mwenyekiti alipofika, mama akamsogezea mkeka. "Karibu, baba," akamwambia. "Alikungoja sana."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angekejeli. Mwenyekiti akakaa, akafungua mdomo aongoze sala, sauti haikutoka. Ikabidi mama asalishe tena.