Msiba Niliouficha Harusini

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na nimeishi siku nyingi. Ilikuwa Jumatano, hapa hapa Nchelenge, nami nilikuwa kijana wa kuchomekea shati na kujiona mtu mzima. Kaa nikueleze. Najua una haraka, vijana wa siku hizi mna haraka hata mkiwa mmekaa, lakini jambo hili ni heri ulisikie kwangu.

Nilikuwa na rafiki, jina lake Mwape. Tulikua pamoja kando ya ziwa, wote wawili watoto wa Wakongo waliovuka kwa ajili ya biashara ya samaki wakabaki upande huu wa Zambia. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Mama Kunda, alimlea peke yake kwa kuuza samaki, na hakuwa na mtoto mwingine. Mwape alipokuwa mkubwa alikwenda Lubumbashi kujifunza ufundi wa magari. Akapata kazi, akapata na mchumba, msichana wa huko aitwaye Feza. Harusi ikapangwa: Ijumaa waandikishwe ndoa kwenye ofisi ya serikali, Jumamosi kanisani, na jioni yake karamu.

Mama Kunda hakuweza kwenda. Miguu yake ilikuwa imevimba, na safari ya Lubumbashi ni ya kutikiswa mchana kutwa. Akanichagua mimi niende kwa niaba yake, nisimame karibu na mwanawe, nipeleke na samaki kwa wakwe. Ile Jumatano nilikwenda kwake kuchukua mzigo. Nilimkuta akifunga kapu la samaki wakavu huku akiniagiza: hawa wakubwa ni wa baba mkwe, hawa wadogo, chisense, ni wa kina mama jikoni. Halafu akakaa chini, akasema amechoka. Nikacheka, nikamwambia apumzike, harusi haimkimbii. Akainamia kapu, pumzi zikimkatika. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali, na kabla gari halijapatikana alikuwa amekwisha kufa.

Jioni ile kaka yake, Mzee Chola, aliniita pembeni. Usimfikirie vibaya, mwanangu. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Sote vijana wa pale tulimwita bayama, yaani mjomba, kwa Kibemba.

"Kalenga, kesho uende vile mulipanga," akaniambia. "Lakini ile habari usimuambie Mwape. Umuache aoe kwanza."

"Bayama, ni mama yake."

"Najua. Alikuwa dada yangu na mimi. Ukimuambia, harusi inakufa. Na bantu ba hapa batasema ule bibi yake, Feza, njo alikuya na kifo mu nyumba. Batamuangalia vile maisha yake yote. Sisi tutazika Jumamosi. Yeye atalia kisha. Na telefone yake, uikamate weye."

Nilikubali. Alikuwa mkubwa, na maneno yake yalikuwa na huruma ndani yake. Mtu mkali ni rahisi kumkatalia. Anayekuomba jambo baya huku anakuonea huruma wewe na wengine, huyo ndiye anayekushinda.

Basi Alhamisi alfajiri nikapanda basi, nikavuka mto Luapula hadi Kasenga, upande wa Kongo, nikapata gari la mizigo, na jioni nikashuka Lubumbashi na kapu langu. Mwape alinikumbatia pale barabarani mbele ya watu. Alipofungua kapu alifunga macho, akanusa, akacheka peke yake. Hakungoja hata nioge. Alikaanga wachache wa wale samaki kwa mkono wake, tukala na bukari, ugali wa huko, naye akala mpaka akalamba vidole.

"Mama iko muzima?" akaniuliza.

"Anakusalimia," nikasema.

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Neno moja tu, na baada ya hapo kila neno lililofuata ilibidi lilinde lile la kwanza. Miguu yake? Inaendelea vizuri. Alifurahi? Sana. Bayama mbona hakuja? Ana homa kidogo. Nilishangaa jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi. Mpaka leo jambo hilo linaniogopesha.

Ijumaa tulikwenda kuandikisha ndoa. Simu zilikuwa bado mpya kwetu, na Mwape aliona fahari kubwa kuwa nayo, lakini nilipomwambia anipe nimshikie, alinipa bila neno. Akasema leo hataki kusumbuliwa. Wakati afisa anasoma vifungu vya sheria, simu ikalia mfukoni mwangu. Niliona ni namba ya Zambia. Nikaizima. Watu wakacheka, wakadhani ni mimi mshamba nisiyejua adabu za mjini, nami nikacheka pamoja nao.

Mchana tulirudi kwa kina Feza. Uwanja ulikuwa umejaa sufuria, wanawake wakimenya na kuimba, mbuzi wawili wamefungwa ukutani wakingoja kesho. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na sahani ya chakula nisichokigusa. Hapo ndipo kambo yake Feza, yaani bibi yake, mama mzee mfupi mwenye kilemba cheusi, alipokuja akakaa karibu nami bila kuombwa.

"Weye mutoto wa ziwa," akasema, "tangu jana uko unacheka na meno tu. Nani alikufa?"

Mwanangu, nilijaribu kukataa. Nilifungua mdomo kusema hakuna, na badala yake nikaanza kulia. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiangalia wale wanawake wakipika harusi ya mjukuu wake. Nilipomaliza, nilimsihi asiseme. Nikamrudishia maneno ya bayama, kwamba ni kwa faida ya Feza mwenyewe, mtoto wao.

Hakupandisha sauti.

"Na mimi balinifichaka," akasema. "Mutoto wangu alikufaka kule Likasi. Banaume balikaa chini, balisema mama iko na presha, tutamuambia kisha. Balimuzika bila mimi. Balikuwa bantu bazuri, bote. Na mpaka leo, ile nyumba kwenye balikalia siingiaka."

"Kambo, na harusi?"

"Harusi tutapika ingine. Ile nyama ikioza, ioze. Mama yake batamuzika mara ngapi?" Halafu akanigeukia, na hapo macho yake yakawa makali. "Ile kilio haiko yako, Kalenga. Unaiba kitu ya mwenzako. Simama, umupelekee."

Nimewahi kukemewa na wengi maishani, wengine kwa fimbo. Hakuna aliyenifikia kama yule mama, ambaye familia yake ndiyo iliyokuwa ipoteze kila kitu siku ile. Alinishika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kupelekwa shule, tukaingia chumba alimokuwa Mwape. Nilimkuta akijaribu koti la kesho.

Nilimwambia. Akauliza lini. Nikasema Jumatano.

"Jumatano," akarudia. "Na samaki tulikula jana?"

Nikamwambia ni yeye aliyewafunga. Alilivua lile koti taratibu, akalitundika mahali pake vizuri, na baada ya hapo akaanguka chini.

Gari la kwenda Kasenga jioni ile halikupatikana. Kwa siri niliipiga ile namba ya Zambia mara nyingi, haikupokelewa. Baadaye nilijua ilikuwa ya mwenye duka, naye alikuwa amefunga duka kwenda msibani. Feza hakuuliza mtu ruhusa. Alikunja gauni, akafunga kitenge kiunoni, akasema ameolewa leo mbele ya serikali, kwa hiyo aliyekufa ni mama mkwe wake, naye anakwenda. Jumamosi alfajiri, saa ambazo angekuwa anasukwa nywele, tulikuwa juu ya lori la unga.

Tulifika Nchelenge jua limeinama. Tulikutana na watu njiani wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Ukiwa mbali hata hujui ni watu wa nini. Mwape alijua. Aliruka gari halijasimama akakimbia kuelekea kule ulikotoka ule umati, na watu wakampisha njia, hakuna aliyethubutu kumshika. Tulimkuta amelala juu ya udongo mbichi, kifua chini, mikono ameitanua.

Mama yake mdogo, aliyetoka Mununga kwa ajili ya mazishi, alikuwa bado pale kaburini. Alipomwona, alipiga kelele ya uchungu.

"Nilikuita jana! Chola alikataa, lakini mimi nilikuita kwa telefone ya duka, ili tukungoje. Nani alizima?"

Mwape aliinua kichwa, akaniangalia. Lile la simu nilikuwa sijamwambia.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliangalia pembeni tu, na kutoka pale akaninyamazia. Nilikesha naye siku zote za matanga na hakuniambia hata neno la kuomba maji. Na yale ambayo bayama aliyaogopa kuhusu Feza hayakutokea. Alilala chini na wanawake, akaosha vyombo vya waombolezaji, akachota maji ziwani, na kabla ya kurudi Lubumbashi akina mama wa pale walikuwa wakimwita binti. Kumbe tulimlinda na jambo ambalo angeweza kujilinda nalo mwenyewe. Walifunga ndoa kanisani baadaye, bila karamu. Mimi sikualikwa.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja nilikuwa ufukweni nikinunua samaki, nikamwona Mwape anashuka kwa miguu, amekonda. Alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa.

"Weye njo ulimuona mwisho," akasema. "Niambie. Yote."

Nikaacha samaki. Nilimweleza kitenge alichokuwa amevaa mama yake, alivyolifunga lile kapu, alivyoniagiza, maneno yake ya mwisho, na uzito wake mgongoni mwangu. Nilimwambia kwamba alikufa ananishika shingo, na kwamba jina alilolitaja njiani lilikuwa la mwanawe. Sikuficha wala sikupamba. Mwape alilia mbele ya wavuvi, nami nikalia, na wale wavuvi wakajifanya wanaangalia nyavu zao. Alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hii njo nilikuwa nataka, Kalenga," akasema. "Ile siku ulishuka na kapu. Hii tu."

Mwanangu, utatumwa. Mtu akiwa na miguu na akili hutumwa, na siku moja utatumwa na habari nzito kwa mtu unayempenda, na utamkuta anacheka. Wakubwa watakuambia ngoja. Watakuwa na sababu nzuri, na watakuwa wanampenda kama wewe. Waheshimu, wasalimie kwa magoti kama ulivyofunzwa, lakini usiwatii katika hilo. Mketishe mwenzako chini. Mwambie kwa maneno machache, usizunguke, kisha ubaki naye. Ukiona umeshachelewa, mwambie hivyo hivyo, na yale uliyoyafanya mwambie wewe mwenyewe, asiyasikie kwa mwingine kaburini. Furaha yake usiogope kuivunja. Furaha ya mtu asiyejua kwamba amefiwa si furaha, ni sisi tu tunaitazama tukijifariji. Mimi niliamini nabeba mzigo wa rafiki yangu, kumbe nilimnyang'anya siku ya kumzika mama yake, na siku hiyo sina namna ya kumrudishia.

Nenda sasa, na Mungu aende nawe. Akupe ulimi mzito kwa uongo, hata ule wa huruma. Akupe marafiki wa kucheza nao harusini. Na siku ya kilio chako itakapofika, kwa maana itafika, akupe miongoni mwao mmoja atakayefungua mdomo mapema, ukawahi kuzika.